Mtamba Hachinjwi: Kuuelewa Uvuvi Mdogo Endelevu, Kutoka Kyela hadi Mtera

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, mazungumzo hayakuishia Kigoma. Katika masoko ya Jiji la Mbeya, ambako usipa wa Kyela hupangwa meza moja na dagaa wa Kigoma na perege wa Mtera, wanunuzi walianza kuwauliza wauzaji kama zamu ya Ziwa Nyasa inafuata. Swali hilo bado linaulizwa, na majibu yake yanapishana sana. Mmoja atakwambia samaki ni riziki ya Mungu na riziki haiishi. Mwingine atakwambia mvuvi wa mtumbwi anaonewa kwa sababu hana wa kumsemea. Wa tatu ataona jambo lenyewe ni jepesi: watu waliache ziwa, wachimbe mabwawa na kufuga. Nimeyasikia majibu hayo matatu kutoka kwa watu wazima ninaowaheshimu, na nimeona kwamba tunabishana kuhusu uvuvi endelevu kabla ya kukubaliana ni kitu gani. Kwa hiyo ninajaribu hapa kulifungua fundo hilo polepole, kwa kutumia maji tunayoyafahamu sisi wa Nyanda za Juu Kusini, yaani Ziwa Nyasa upande wa Kyela, Bwawa la Mtera na, kwa ufupi, Ziwa Rukwa.

Maneno yenyewe kwanza

Uvuvi mdogo hauitwi hivyo kwa sababu unavua samaki wadogo, wala kwa sababu mchango wake ni mdogo. Ni uvuvi unaofanywa na mtu, familia au kikundi kidogo kwa mtumbwi au boti ndogo, kwa zana zinazovutwa zaidi kwa mikono, ambao mazao yake huliwa nyumbani na kuuzwa katika masoko ya karibu. Ndani ya neno hilo yumo mvuvi anayeingia majini, lakini yumo pia mama anayeanika usipa ufukweni, kijana anayeshona nyavu, fundi wa mitumbwi, na mchuuzi anayepandisha mizigo kutoka Kyela kupitia Tukuyu hadi Mbeya. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, pamoja na washirika wake, limekadiria kwamba uvuvi wa aina hii hutoa angalau asilimia 40 ya samaki wote wanaovuliwa duniani, na kwamba takriban watu 9 kati ya 10 walioajiriwa katika uvuvi wamo humo. Anayeuona mtumbwi wa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kama mabaki ya zamani yanayosubiri meli kubwa ije kuyaondoa hajaelewa dunia inalishwa na nani.

Neno la pili, endelevu, ndilo linalosumbua zaidi. Wengi hulisikia kama jina la heshima la katazo: ukisikia endelevu, ujue umezuiwa kitu. Maana yake halisi iko karibu zaidi na zizi la mfugaji wa Rungwe. Mfugaji huyo hukamua kila siku, huuza ndama dume, na ng'ombe aliyezeeka humwondoa zizini. Kitu kimoja hakifanyi hata akibanwa na shida: hachinji mtamba. Anajua kwamba ng'ombe jike ambaye hajazaa hata mara moja amebeba zizi zima la miaka ijayo, na kwamba nyama yake ya leo haiwezi kulipa maziwa na ndama watakaokosekana. Uvuvi endelevu ni kuvua kwa namna ambayo samaki wanaobaki majini wanatosha kuzaa na kujaza nafasi ya waliovuliwa, mwaka hadi mwaka, huku wanaotegemea kazi hiyo wakiendelea kuishi kwayo. Sehemu hiyo ya mwisho husahaulika mara nyingi. Ziwa lililojaa samaki huku watoto wa wavuvi wakilala njaa ni hifadhi tu, na hifadhi ina maana yake nyingine.

Tofauti na zizi ni kwamba mfugaji huwaona ng'ombe wake wote na kuwahesabu, ilhali mvuvi hawaoni samaki walio chini ya maji, na zaidi ya hapo ziwa si lake peke yake. Mtamba ninayemwacha leo anaweza kuvuliwa kesho na mwenzangu. Ugumu wote wa suala hili unaanzia hapo.

Nyavu zinaongezeka, ndoo hazijai

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Mwalo mmoja, yaani sehemu ya ufukwe ambako mitumbwi hushusha samaki, una mitumbwi 10, na kila mtumbwi hurudi na kilo 20 kwa usiku. Jumla ni kilo 200. Vijana wa kijijini wanaona kazi inalipa, na mitumbwi inakuwa 20. Sasa kila mmoja unarudi na kilo 12, na jumla imepanda hadi kilo 240. Anayesoma takwimu ofisini atasema uvuvi unakua, na hatakuwa amesema uongo. Ikifika mitumbwi 35, kila mmoja ukapata kilo 6, jumla inarudi kwenye kilo 210. Wamefanya kazi watu mara tatu na nusu ya wale wa mwanzo, wamechoma mafuta na kuchakaza nyavu mara tatu na nusu, na karibu samaki walewale ndio wanaogawanywa.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha afya ya ziwa ni mtumbwi mmoja unarudi na kiasi gani baada ya usiku mmoja, na samaki wenyewe wana ukubwa gani, hata kama jumla ya samaki waliofika sokoni inaonekana kuwa nzuri. Mvuvi mzee hahitaji karatasi kulijua hili. Atakwambia kwamba zamani alivua akiwa anauona mlango wa nyumba yake, na sasa anapiga kasia hadi ufukwe unapotea. Kumbukumbu yake hiyo ni takwimu, ingawa haijaandikwa popote, na ni kosa kubwa kuandaa mpango wa ziwa bila kumuuliza.

Hapa hujitokeza ubishi kwamba Ziwa Nyasa ni kubwa mno kuweza kuchoshwa na mitumbwi. Ni kweli ni la tatu kwa ukubwa barani Afrika, na kina chake hufikia takriban mita 700. Hata hivyo, maji yake hayachanganyiki kutoka juu hadi chini. Hewa ya oksijeni, ambayo samaki huihitaji kama sisi, hupatikana katika mita 200 hadi 250 za juu tu. Chini ya hapo ni giza lisilo na samaki. Ni kama nyumba ya ghorofa tatu ambayo ghorofa ya juu pekee ndiyo inayokalika. Na katika ghorofa hiyo ya juu, chumba cha kuzalia cha samaki wengi ni ukanda mwembamba wa maji mafupi kando ya ufukwe. Upande wa mashariki wa Matema, milima ya Livingstone inazama majini kwa mteremko mkali kiasi kwamba ukanda huo ni mwembamba sana. Uwanda wa Kyela, unakoingia mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, una maji mafupi mengi zaidi, na ndiko pia watu na mitumbwi walikojaa.

Kila samaki ana kalenda yake

Kosa ninalolisikia zaidi ni kuzungumzia samaki kana kwamba ni kitu kimoja. Mkulima wa Uporoto hawezi kukubali ushauri unaosema "mazao yavunwe baada ya miezi minne" bila kutaja kama ni viazi, mahindi au miti ya mbao. Ziwani hali ni hiyohiyo, na samaki watatu wanatosha kuionyesha.

Wa kwanza ni usipa. Huyu ni samaki mdogo wa maji ya wazi, anayekua haraka na ambaye maisha yake yote hayazidi sana mwaka mmoja. Ukiacha kumvua hatakungoja. Atakufa au ataliwa na samaki wengine. Idadi yake hupanda na kushuka kwa sababu ambazo mara nyingi hazihusiani na mvuvi. Upepo wa kusini-mashariki, ambao wengi huuita mwera, huvuma kwa nguvu kati ya Mei na Agosti, hupoza maji ya juu na kuinua rutuba kutoka chini, na rutuba hiyo hulisha vijimea na vijidudu ambavyo usipa huvila. Mwaka wenye upepo mzuri unaweza kufuatiwa na usipa tele, na mwaka mwingine ukawa mkavu bila mtu yeyote kuvunja sheria. Usipa ni kama mchicha: huota upesi, huvunwa upesi, na ukikosa maji haulaumiwi mkono uliochuma. Kwa kuwa huvuliwa usiku kwa taa, siku za mbalamwezi nazo huwa mapumziko yake, maana taa ya mvuvi haina nguvu mbele ya mwezi uliojaa.

Wa pili ni perege wa ziwani, ambaye jirani zetu wa Malawi humwita chambo. Dume husafisha duara mchangani katika maji mafupi na kujenga kiota. Jike hutaga humo, kisha huyaokota mayai na kuyaweka kinywani mwake, na hukaa nayo humo mpaka yaanguliwe. Hata baada ya kuanguliwa, watoto hutoka kidogo kula na kurudi kinywani hatari inapotokea. Mama huyo hazai maelfu kwa maelfu kama samaki wanaomwaga mayai na kuondoka. Anazaa wachache na kuwalea. Sasa fikiria kokoro, ule wavu mrefu unaozungushwa ufukweni na kuvutwa hadi nchi kavu. Hupita palepale kwenye viota, husawazisha duara zote, hukusanya majike wenye watoto vinywani pamoja na vifaranga waliojificha kwenye majani. Mvutaji wa kokoro anaweza kupata ndoo mbili, na kati ya hizo moja ikawa ya samaki wasiofikia hata kidole gumba. Ndoo hiyo ya pili ndiyo mitamba.

Wa tatu ni mbasa, samaki mrefu wa rangi ya fedha ambaye kwa walaji wengi wa Kyela hana mpinzani. Mbasa huishi ziwani lakini hazai ziwani. Mvua zikinyesha na mito ikajaa, hupanda mtoni kutafuta maji yanayokwenda kasi juu ya changarawe safi, na huko ndiko hutaga. Tabia hii inamweka katika hatari mbili kwa wakati mmoja. Akiwa njiani hupita katika mlango mwembamba wa mto, ambako wavu mmoja uliokingwa kutoka ukingo hadi ukingo unaweza kuwakamata karibu wote kabla hawajataga. Na akifanikiwa kupita, anaweza kukuta changarawe imefunikwa na matope yaliyoporomoka kutoka mashamba ya milimani, na mayai yaliyofukiwa na matope hukosa hewa. Kwa hiyo mkulima anayelima hadi ukingoni mwa mto, hata kama hajawahi kuliona ziwa, anashiriki kuamua kama mbasa atafika sokoni Kyela. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru kingo hizo, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Mara nyingi tunaisoma kama sheria ya miti na maji. Mimi huiona pia kuwa ni sheria ya samaki, pengine yenye nguvu kuliko doria yoyote ya boti.

Ukiwaweka watatu hawa pamoja, utaona kwa nini kanuni moja kwa ziwa zima haiwezi kutosha. Usipa anahitaji uvuvi wa maji ya wazi usiovuka kiasi. Perege anahitaji ufukwe wake usikwanguliwe. Mbasa anahitaji mlango wa mto uachwe wazi katika wiki chache za mvua, na mlima ulio juu yake utunzwe mwaka mzima.

Nyavu zinazogombanisha watu

Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009 zinakataza sumu, baruti, makokoro katika maji baridi, na nyavu za timba, zile zinazotengenezwa kwa uzi mmoja wa plastiki unaong'aa. Timba inapendwa kwa sababu ni rahisi bei na samaki haioni vizuri. Ubaya wake ni kwamba ni dhaifu na haiozi. Ikikatika na kupotea, hubaki majini ikiendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewala, mwezi baada ya mwezi.

Suala la vyandarua na macho madogo linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapo wavuvi huona wanapewa amri zinazopingana. Wataambiwa wavu wa macho madogo ni haramu, kisha watamwona mvuvi wa usipa akitumia wavu wa macho madogo bila kukamatwa. Hakuna upendeleo. Usipa mzima ni mdogo, na katika maji ya wazi wakati wa usiku wavu wake hukutana zaidi na usipa. Wavu wenye macho hayohayo ukivutwa mchana kwenye maji mafupi hukusanya watoto wa perege na wa aina nyingine nyingi. Kinachoufanya wavu uwe halali au haramu ni ukubwa wa macho yake pamoja na mahali, saa na samaki anayelengwa. Afisa anayelieleza hili vizuri ufukweni ataepusha ugomvi mwingi kuliko anayefika na kiberiti.

Na kuhusu kiberiti nina la kusema. Wavu haramu unaochomwa mara nyingi ulinunuliwa kwa mkopo. Mvuvi anabaki na deni lakini hana zana, na deni halingoji. Wavu atakaoweza kuununua haraka ni wa bei ya chini kabisa, ambao kwa kawaida ni mbaya kuliko ule uliochomwa. Siwatetei wenye makokoro. Nimekwisha kueleza wanachokiharibu. Ninachosema ni kwamba adhabu isiyoambatana na njia ya kupata wavu halali humrudisha mtu kwenye kosa lilelile akiwa maskini zaidi.

Kufunga maji kuna maana gani

Kufungwa kwa Ziwa Tanganyika hakukuwa uamuzi wa Tanzania peke yake. Ziwa hilo linamilikiwa na nchi nne, yaani Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mapumziko yalitokana na makubaliano yao, kwa sababu samaki anayepumzishwa upande mmoja na kuvuliwa upande mwingine hajapumzishwa. Lengo lilikuwa kuwapa samaki nafasi ya kuzaa na kukua. Ni jambo ambalo Wanyakyusa, Wasafwa na Wahehe wanalifahamu kwa jina jingine: shamba linaloachwa lipumzike.

Je, njia hiyo inafaa Nyasa? Kwa maoni yangu, kufunga ziwa zima ni dawa ya mwisho. Kungemzuia mvuvi wa usipa kuvua samaki ambaye mwakani hatakuwepo hata asipovuliwa, na kungewanyima watu wa kipato cha chini kitoweo kilicho nafuu kuliko vyote. Kuna njia nyepesi zaidi: kufunga sehemu fulani za ufukwe zinazojulikana kuwa mazalia, kufunga milango ya mito msimu mbasa anapopanda, au kuzuia zana fulani kwa muda fulani. Nyasa nayo ina nchi tatu ufukweni mwake, Tanzania, Malawi na Msumbiji, lakini mazalia ya perege wa Kyela na mlango wa Mto Mbaka vinaweza kulindwa na watu wa Kyela bila kumsubiri mtu wa nje.

Mtera ni habari nyingine kabisa. Lile si ziwa. Ni bwawa lililojengwa kwenye Mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa Iringa na Dodoma, likakamilika karibu mwaka 1980 ili kuhifadhi maji ya kuzalisha umeme, kwanza kwa ajili ya kituo cha umeme cha Kidatu. Samaki walikuja kama baraka ya ziada, na wavuvi wakawafuata. Bwawa linapojaa hufikia takriban kilomita za mraba 600, lakini kina chake ni kifupi katika sehemu kubwa, kwa hiyo maji yakishuka kidogo tu ufukwe hurudi nyuma mbali sana. Kiota cha perege kilichokuwa ndani ya maji wiki iliyopita kinabaki kwenye tope lililopasuka. Samaki husongamana katika maji yaliyobaki, wavuvi nao husongamana juu yao, na kwa muda mfupi mavuno huonekana makubwa ajabu. Mtu asiyejua atasema Mtera imeneemeka, ilhali anachokiona ni ghala linalokombwa. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka Bonde la Usangu, yaliko mashamba ya mpunga ya Mbarali, na tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Mvuvi wa Mtera anaweza kutii kila kanuni ya nyavu na bado akakosa samaki kwa sababu ya mfereji wa umwagiliaji ulio mamia ya kilomita kutoka kwake.

Rukwa, kwa maneno machache, ina tabia ya Mtera bila kuwa na bwawa. Ni ziwa la kina kifupi lisilo na mto wa kutokea, maji yake yana magadi, na katika historia limepanuka na kusinyaa sana. Wasomaji wasichanganye: Mto Songwe unaoingia Rukwa si ule unaoingia Nyasa mpakani na Malawi. Rukwa ina perege wake wa asili, na hilo peke yake linatosha kutufanya tuwe waangalifu kabla ya kuleta samaki wageni.

Nani awe mlinzi

Yapo mawazo mawili yaliyotawala kwa muda mrefu kuhusu mali ya wote. La kwanza linasema serikali ndiyo ilinde, la pili linasema igawiwe watu binafsi. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuonyesha njia ya tatu: kwamba watumiaji wenyewe wa malisho, misitu, mifereji na maeneo ya uvuvi wamefanikiwa kuvitunza kwa vizazi, pale wanapojuana, wanapotunga kanuni wenyewe, wanaposimamiana na kupeana adhabu zinazopanda hatua kwa hatua.

Tanzania njia hii ipo kisheria kupitia vikundi vya ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo ufukweni kila mtu huviita BMU. Kikundi huundwa mwaloni na wavuvi, wachuuzi, wachakataji na wenye vyombo, na kazi zake ni pamoja na kufanya doria, kukusanya takwimu za mavuno na kusimamia usafi wa mwalo. Kwenye karatasi ni mpango mzuri sana. Ugumu ni kwamba wanakikundi hufanya doria kwa kujitolea, kwa mafuta ya kuchangishana, na anayevunja kanuni ni shemeji au mwenye nyumba. Kumtaka mtu amkamate jirani yake usiku wa manane bila boti, bila posho na bila uhakika kwamba kesi itasikilizwa ni kumtwika mzigo ambao sisi wenyewe tusingeubeba. Kikundi kinachopewa sehemu ya ushuru wa mwalo wake kina sababu ya kulinda. Kinachopewa fulana na hotuba hakina.

Kufuga, na tofauti ya kuvua zaidi na kupata zaidi

Ninaunga mkono ufugaji wa samaki, lakini si kama jibu la kila kitu. Perege hupenda joto, na katika mabwawa ya miinuko yenye baridi ya Rungwe, Makete au Mufindi hukua polepole sana. Chakula cha kufugia ni ghali, na mara nyingi hutengenezwa kwa dagaa au usipa, kwa hiyo bwawa linaweza kula samaki ambaye mama wa kipato cha chini angemnunulia watoto wake. Pia kuna hatari ya samaki wageni kutoroka. Sato, aliyeletwa kwa ajili ya ufugaji, tayari ameonekana katika maji ya bonde la Ziwa Nyasa upande wa Tanzania. Anaweza kuzaliana na perege wa asili au kuwasukuma pembeni, na akishaenea hakuna wavu wa kumrudisha.

Linabaki swali ambalo kwangu ndilo kiini cha yote: tunaposema tumsaidie mvuvi mdogo, tunamsaidia kufanya nini? Msaada unaopendwa na wengi, kwa sababu hupigwa picha vizuri, ni injini na nyavu ndefu. Mahali ambapo mitumbwi imekwisha kuwa 35, kama katika mfano wangu wa awali, msaada huo unaharakisha safari ya kwenda chini. Humsaidia kuvua zaidi, ilhali anachohitaji ni kupata zaidi kutokana na samaki aliyemvua.

Angalia safari ya usipa. Unaovuliwa usiku huanikwa asubuhi, na mara nyingi huanikwa chini, mchangani. Kyela ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini. Mvua ikishuka mchana, usipa uliolowa huanza kuharibika, na kilichokuwa mali kinauzwa kama chakula cha kuku au kinatupwa. Hata usiponyeshewa, wenye mchanga huuzwa bei ya chini, na kila mwanamke wa Mbeya aliyewahi kuosha usipa mara tano kabla ya kuukaanga anajua ninachosema. Kichanja cha miti na wavu, kilichoinuliwa kufikia kiuno, huruhusu hewa kupita juu na chini, hukausha haraka, na turubai huweza kufunikwa juu yake wingu linapotanda. Jiko bora la kubanikia huokoa kuni na samaki msimu ambao jua halipo. Barafu mwaloni humpa mvuvi wa perege nguvu ya kukataa bei ya saa 12 asubuhi na kusubiri mnunuzi wa saa 4. Samaki wanaookolewa kwa njia hizi ni sawa na samaki wapya waliovuliwa, ila hakuna mtamba aliyechinjwa.

Kazi hizi nyingi ziko mikononi mwa wanawake, kwa kuwa ndio wanaoanika, kubanika na kuuza. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo hutenga asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inaweza kujenga vichanja vingi sana endapo vikundi vya ufukweni vitaandika maombi kwa ajili ya uchakataji badala ya kuomba wavu mwingine. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, ina kituo Kyela, na wataalamu wake wako umbali wa safari fupi kutoka mialo mingi.

Mnunuzi wa Mbeya au Iringa naye ana sehemu yake. Akikuta mezani fungu la perege wadogo kama vidole, na pembeni yake usipa mkavu usio na mchanga kwa bei inayozidi kidogo, anaweza kumwambia muuzaji, "Dada, hawa watoto sichukui, nipimie sado ya usipa wa kichanjani." Muuzaji husikia. Jioni hiyo humpigia simu anayemletea mzigo kutoka Kyela, na kabla ya mitumbwi kusukumwa majini, mwenye kokoro amekwisha kuambiwa kwamba mali yake imelala mezani.